Si Mguu Wangu

Alhamisi, usiku

Tafadhali, yeyote utakayefungua daftari hili, haya yabaki kati yetu. Leo nimemcheka Bwana Kirpal, mwajiri wangu, mbele ya macho yake.

Wiki nzima gari la ofisi limekuwa likiishiwa nguvu mlimani, na lawama ni zangu kwa kuwa mimi ndiye ninayeliendesha. "Gari iko sawa, karani," Bwana Kirpal hunirudia. "Ni mguu yako inaogopa mafuta." Nikaanza kuamini. Mimi huogopa hata kupiga honi.

Leo akashika usukani mwenyewe ili anifundishe. Mlimani, karibu na maduka ya Adams Arcade, akakanyaga mafuta mpaka mwisho, gari likatambaa tu. Mkokoteni uliojaa vichwa vya ng'ombe kutoka machinjio ya Dagoretti ukatupita. Mwenye mkokoteni akachungulia dirishani kwetu: "Mzee, nikufunge kamba nikuvute?"

Hapo kicheko kikanitoka.

Kwenye gereji, fundi aliunganisha kompyuta yake akasema sensa, kile kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini, imekufa, ndiyo maana injini inanyimwa petroli. Nilitamani kumkumbatia.

"Basi si mguu," akasema Bwana Kirpal. "Lakini ulicheka."

"Nilikohoa, Bwana."

Akafungua pochi. "Kesho enda River Road, nunua sensa. Nunua pia dawa ya kikohozi. Hiyo utajilipia."

Sijui kama nimefukuzwa au... Hapana. Aliyefukuzwa hatumwi.

Anayenitaka kesho asipige simu ofisini. Anitafute River Road, kwenye maduka ya vipuri, na aniulizie kwa sauti ya chini, siri ya kicheko isitoke.