Kijumba cha Nyuma ya Kahawa

Nyumbani kwa Mama,
Kanyakine, Imenti Kusini.
Jumapili, 24 Agosti 2025.

Mpendwa ndugu yangu Mwenda,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Lodwar, wewe na mke wako Eunice na Kagwiria mdogo, na kwamba jua la huko limewaachia ngozi kidogo. Sisi hatujambo. Mama ana presha yake ile ile na goti lake lile lile, lakini anakula vizuri na bado anagombana na kuku kutwa nzima. Mimi nimezeeka kidogo tu, si kiasi cha kukufurahisha.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwa simu wewe husema "sawa, Gladwell, sawa," halafu mtandao unapotea kabla sijafika penye maneno yenyewe. Barua huwezi kuikata. Tena kuna kosa nimelifanya, na nataka nilieleze lote bila wewe kunihurumia katikati.

Ile wiki ya huduma ya vijana wa kanisa bado ipo, kila Agosti shule zikifungwa. Siku hizi mimi ndiye mlezi wao, nao huniita Mwalimu, ukiweza kuamini. Mwaka huu Jumatatu walifagia soko na kuzibua mitaro, Jumanne wakaenda kuwaimbia wagonjwa na kuwakata kucha, Jumatano wakapita nyumba kwa nyumba wakiomba na watu. Wana fulana za rangi moja, na kila kazi lazima ipigwe picha kabla na baada. Sisi tulikuwa na majembe na njaa. Lakini wakishika jembe, Mwenda, wanaimba zile zile nyimbo zetu za Kimeru, na sauti ya pili inapotea pale pale tulipokuwa tukiipoteza sisi. Nilisimama kando ya mtaro nikacheka peke yangu mpaka watu wakaniangalia.

Alhamisi ilikuwa siku ya mama. Kila mwaka huchaguliwa wazee wachache wanaoishi peke yao, na mama amekataa miaka miwili akisema yeye si mzee. Mwaka huu alikubali kwa sababu ya kuni. Nikamwandikia Muthamia, mwenyekiti wa vijana, kazi zote kwenye karatasi: wapalilie migomba, wazibe paa la jikoni, na lile banda la nyuma ya kahawa walibomoe liwe kuni. Nilimaanisha banda la mbuzi. Kisha nikampeleka mama kliniki.

Mwenda, banda la mbuzi halipo. Lilianguka mwaka jana wakati wa mvua, na mama alilichoma lote kidogo kidogo akipika githeri. Githeri hiyo mimi nilikula, na bado nikasahau. Nyuma ya kahawa palikuwa pamebaki kitu kimoja tu kilichosimama.

Walibomoa kijumba chako.

Tulirudi saa tisa tukawakuta wamejipanga mstari wakingoja kusifiwa. Kuni zilikuwa zimepangwa vizuri kuliko vitabu vya maktaba. Muthamia akasema, "Shosho, hiyo store ilikuwa imezeeka sana. Sasa uko na kuni ya mwaka mzima."

Mama hakulia wala hakugomba. Alitembea taratibu kuzunguka ule mraba wa udongo mkavu kilipokuwa kijumba, akipita nje yake, hakuukanyaga. Halafu akauliza kwa Kimeru, "Mlango mmeuweka wapi?" Ulikuwa umeegemezwa kwenye kuni, na kipande cha fremu, na kufuli lako bado limefungwa, maana wao walianza kung'oa mbao za nyuma. Akaushika, akauburuta mwenyewe mpaka nyumbani kwake, na kila aliyejaribu kumsaidia alimwondoa kwa kiwiko. Ukaegemezwa ukutani kando ya kitanda chake. Kisha akatoka akawapikia chai wote, akawamiminia mmoja mmoja.

Niliwaeleza ile ilikuwa nyumba ya nani. Muthamia akashika kichwa. "Lakini Mwalimu, kitanda kilikuwa kimeliwa na mchwa. Mbona hakuna mtu alikuwa anaingia kuangalia?" Nikamkumbusha kwamba mama haingii nyumba ya mwanawe aliyetahiriwa. Wanajua, ila siku hizi kijana anatengewa chumba kwenye nyumba ya mawe na mambo yanaisha hapo. Mama amefagia mpaka kizingitini kwako kila Jumamosi kwa miaka ishirini na sita, na ufagio wake haukuwahi kuvuka.

Walipoenda nilirudi kwenye zile kuni nikaanza kugeuza mabanzi moja moja. Unayakumbuka yale majina? Mithika, akiwa mwenyekiti wetu, alituambia sote tuyaandike kwa msumari upande wa ndani. Nililipata langu: "Gladwell, kwaya, 12/12/98." Nikaketi chini kwenye majani ya migomba nikalia kama mtoto.

Ile Desemba imenirudia yote. Baba alikuwa amefariki Aprili, na hapakuwa na mtu wa kukujengea. Wewe ulikuwa unapona tohara kwa baba mdogo, hujui lolote. Tulikuja vijana kumi na wawili asubuhi na mapema, mabanzi tukiyabeba vichwani kutoka kwa mpasua mbao, na Mithika akitugombeza tangu nguzo ya kwanza hadi bati la mwisho. Tulikula ndizi za kuchemsha bila chumvi kwa sababu aliyetumwa chumvi alipotelea kwenye mpira. Ulipoletwa ulisimama mbele ya mlango, miaka kumi na minne, shingo nyembamba, ukabisha hodi kwenye nyumba yako mwenyewe. Mama aligeuka upande wa migomba usimwone anavyolia. Sijui kama nimewahi kukwambia hilo. Sijawahi kuwa na furaha kama ya siku ile, na nimeolewa na nimezaa.

Sasa nikuandikie wazi. Ijumaa asubuhi mama aliniambia, "Akija atalala wapi? Akikosa mahali pake, hatakuja tena." Miaka minane hujafika hapa, tangu mazishi ya baba mdogo. Kila mwaka ni Desemba ijayo. Mama hajamshika huyo mtoto aliyepewa jina lake, anamjua kwa picha ya simu tu. Najua kazi ya kuchimba visima inakubana, na najua aliyekaa mbali sana huanza kuona aibu ya kurudi, hata kama hakuna aliyemkosea. Lakini mama hakuwa akitegemea ahadi zako. Alikuwa akitegemea kile kijumba. Kikiwa kimesimama, wewe uko njiani. Na mimi ndiye niliyekiandika kwenye karatasi.

Vijana hawakulala na kosa hilo. Ijumaa ilikuwa siku ya michezo, wakaifuta wote kwa kauli moja. Mithika alikuja na mkongojo wake, akaketi juu ya kreti lililopinduliwa, akawagombeza kwa maneno yale yale aliyotugombeza nayo sisi. Walichimba mashimo ya nguzo pale pale. Zile mbao zenye majina Mithika aliamuru zirudi ndani, na kabla ya kila moja kupigiliwa aliisoma kwa sauti. Watatu kati yetu wametangulia, na akifika kwao vijana walivua kofia bila kuambiwa. Mbao nyingine zilikuwa zimeoza, wakaleta mpya, wakaandika na yao. Jina la Muthamia ni dogo kuliko yote, liko chini kabisa karibu na sakafu.

Jumamosi alasiri bati la mwisho lilipigiliwa. Walichelewa kwenye mahubiri yao ya sokoni, wakafika na matope mpaka magotini, na nimesikia watu walisikiliza kuliko miaka yote.

Kimebaki mlango. Hauwezi kutundikwa kwa sababu ya kile kipande cha fremu kilichoshikwa na kufuli. Mithika aliomba msumeno wa chuma, mama akakataa. "Kufuli la mtu halikatwi na mwenyewe yuko hai." Basi nyumba ni nzima, ina harufu ya mbao mpya, na mlangoni ni wazi. Kuku wameshajua kwamba mama hawezi kuwafuata ndani. Wanaingia na kutulia, naye anasimama kizingitini na ufagio akiwatukana mababu zao. Leo asubuhi mmoja ametaga humo, na yai bado liko.

Mengine si mengi. Kahawa imechanua vizuri. Binti yangu Winrose amemaliza chuo na anatafuta kazi, mwombeeni. Mama amefunga unga wa wimbi kilo mbili wa uji wa Kagwiria, utaupata pamoja na barua hii, na usiule wewe.

Mithika anakusalimia sana, na mume wangu, na Winrose. Muthamia ananiuliza kila siku kama umekasirika. Nimemwambia hujui kukasirika, ila unajua kunyamaza. Msalimie Eunice, mwambie namshukuru kwa kukulisha. Mungu awafunike huko jangwani, na awape maji mnapochimba.

Nisamehe, ndugu yangu.

Ni mimi dada yako nikupendaye tangu ulipokuwa mgongoni mwangu,
Gladwell

Tena: Nimemsomea mama barua yote. Amesema nilisahau jambo. Nikwambie kwamba hata Alhamisi ile, hapakuwa na ukuta wala paa, yeye hakuingia. Kwenye zile funguo zako niliuona ule mdogo wa kufuli, wenye uzi mwekundu, siku ya mazishi ya baba mdogo. Njoo nao.