Nilisingizia Uji wa Batuli

Mama Émérance, amahoro. Nakuandikia wewe unayeshauri watu kwa barua, maana moyo wangu haukai. Mimi niko kijana wa miaka ishirini na tatu, kazi yangu ni kubeba mafuta ya mawese kwa kinga, baiskeli yangu, kutoka Minago mpaka soko la Rumonge, bidoni mbili za mafuta huku na huku na moja juu, na kwa mbio za kinga hapa kwetu hakuna asiyenijua, sijisifu, hata Hamissi fundi wa kushona anayenifuataga nyuma kila mashindano anajua.

Sasa siku ya mwaka moja wa Uhuru, tarehe moja Julai, waliweka mbio kutoka Bujumbura mpaka hapa Rumonge, na mimi nilikuwa nimejizoeza miezi miwili mizima, kila siku saa kumi na moja alfajiri niko barabarani, baridi nzuri, kinga inakwenda yenyewe. Lakini siku yenyewe tulingoja misa iishe, tukangoja hotuba, wakubwa wakaongea mpaka jua likafika katikati, tukaachiliwa saa sita. Na mimi asubuhi nilikuwa nimekunywa kikombe kizima cha mawese ya moto, kama sisi wabebaji tunavyofanyaga siku ya muzigo mukubwa, ili kifua kilainike, na maji sikugusa, sababu kwetu mubebaji hanywi maji mpaka muzigo ushuke, wakubwa wa kazi wanasema yanalegeza magoti.

Mpaka Kabezi niko wa kwanza, mpaka Minago niko wa kwanza, lakini kichwa kinagonga, jasho limekauka, ngozi iko baridi kama ya samaki. Pale Mama Batuli muuza uji akanikimbilia na kikombe, "Kunywa, mwanangu, unakufa!" Nikameza mara mbili, mbele kidogo nikatapika, nikaanguka na kinga yangu, Hamissi akapita akashinda. Watu wakaniinua wakaniuliza umekula nini, na mimi, Mama, naona haya hata kuandika, nikasema, "Uji wa Batuli." Neno sumu sikulisema, walilisema wenyewe, sababu Batuli ni shangazi ya Hamissi. Mimi nikanyamaza tu. Leo ni wiki ya saba, sufuria yake inarudi nyumbani imejaa, hata majirani hawanunui, na mimi ninapita pale kila asubuhi na muzigo nikiangalia upande wa ziwa.

Mbio zingine iko Jumapili ya mwisho ya Septemba, kutoka Rumonge mpaka Kabonga, tena baada ya misa, na joto la Septemba unalijua. Niambie nile nini, ninywe nini, nijizoeze namna gani nisianguke tena, maana nikishinda naona watu watasahau mambo ya uji, ama nakosea? Murakoze sana.

Amuri, Rumonge

*

Amuri, unakosea. Lakini nitaanza na miguu, kwa sababu miguu ni rahisi.

Nilikuwa muuguzi miaka kumi na minne, na wanaume niliopokea wakati wa jua kali, ngozi kavu, kichwa kinagonga, sikuwahesabu. Hakuna aliyekuwa amelishwa sumu. Walikosa maji, kama wewe. Mawese ni chakula kizuri sana, kwenye mboga ya sombe, jioni, umekaa. Tumbo lililojaa mafuta halitulii mtu akikanyaga pedali kwa nguvu zote kwenye jua la saa sita. Yangerudi tu, hata kama usingekutana na uji wa mtu yeyote. Na hiyo sheria yenu ya kutokunywa maji iacheni leo hii, nyote, mzigo uwepo usiwepo.

Tena unajizoeza kwenye baridi ili ukashindane kwenye joto! Nani alikudanganya? Una wiki sita. Wiki hii endelea na alfajiri yako. Kuanzia Jumatatu ijayo toka saa tatu, baadaye saa nne, na wiki mbili za mwisho toka saa sita kamili, mwanzo nusu saa tu, polepole, mwili uzoee. Funga kitambaa kibichi shingoni. Kichwa kikianza kugonga, shuka ukae kivulini, hakuna anayekupigia makofi siku hiyo. Chupa ya maji ifungwe kwenye usukani, unywe mafunda machache kabla kiu haijafika. Jioni ya kuamkia mbio, kula ugali wa muhogo na samaki ushibe. Asubuhi kula ndizi za kupika, na uji wenye sukari na chumvi kidogo. Ndiyo, uji! Kikombe ulichokisingizia ndicho kilichokuwa dawa yako, kilikukuta umechelewa tu.

Sasa tuje kwenye lile lililokufanya uandike. Unadhani ukishinda watu watasahau? Ebo! Ukishinda, Rumonge nzima itasema: mnaona, alipoacha uji wa Batuli ameshinda. Ushindi wako ndio utammaliza yule mama. Na ukienda kimya ukaunywa mbele ya watu, watasema leo Batuli hakutia kitu. Lazima useme kwa mdomo wako, na useme kabla ya mbio. Hiyo "neno sumu sikulisema" sitaki kuisikia tena. Ulijua ukweli ukawaacha.

Jumamosi asubuhi nenda kwake na mtu mzima wa kwenu. Usibebe zawadi, ataona unamhonga. Mwambie yote. Akikufukuza ana haki, msalimie uondoke. Kisha nenda sokoni, pale wabebaji mnapopanga bidoni, upaze sauti: "Nilikunywa mawese, nikakataa maji, nikamsingizia mama aliyekimbia kuniokoa." Hamissi naye umwombe radhi hapohapo. Watakucheka, na wenzako wabebaji ndio watacheka zaidi. Wacha wacheke, utapona.

Nakuona una nguvu, kijana, na kama umeweza kuniandikia mimi nisiyekujua, utaweza kusimama sokoni. Ila ukiona maneno hayo yanakushinda, usijiandikishe. Mbio za Kabonga zitapata mshindi bila wewe. Jina la Batuli halina mtu mwingine wa kulirudisha.

Mama Émérance