Mstari Shingoni

Jumatatu, 3 Juni 1974

Sijawahi kumwambia mtu: nataka kuchora katuni zinazotembea. Sitaki ualimu, sitaki unesi. Mjapani aliyefunga mashine kiwandani anakofanya kazi mama alimpa kitabu cha watoto aniletee, akamwambia kwao kuna watu wazima ambao kazi yao ni hiyo. Wanaiita anime. Nimelirudia neno hilo bafuni, mlango nimeufunga!

Leo nimelijua kosa langu. Watu wangu wa karatasi walikuwa wanateleza tu. Kumbe kichwa hakikai palepale — miguu ikiachana kinashuka, ikipishana kinapanda. Nilichungulia dirishani, nikamwangalia Sajenti Tarcisio, jirani wa chini, akivuka ua wa fleti. Nikamchora karatasi baada ya karatasi: kofia, tumbo, buti. Nikazishika pamoja, nikaziachia haraka kwa kidole gumba. Anatembea! Jamani, anatembea!

Jumatano, 5 Juni

Ami Maftah, ndugu wa baba, amenikuta nikichora. Tangu baba afariki, ndiye mkubwa wa nyumba yetu. Ni maalimu wa madrasa. Hakunipiga, afadhali angenipiga. Anasema Siku ya Kiyama nitaambiwa niwatie roho hawa niliowachora — ninazo roho? Ama nichane zote, ama nimpigie kila mtu mstari shingoni. Picha iliyokatwa kichwa haihesabiwi kuwa kiumbe.

Nimechagua mstari. Kwa wino mwekundu, ili auone vizuri. Alisimama nyuma yangu mpaka karatasi ya mwisho.

Namchukia. Nimeandika na sifuti.

Ijumaa, 7 Juni

Karatasi hazipo! Amito, binti mdogo wa Sajenti, alikuja kucheza na mdogo wangu akaziona. Kazipeleka kwao. Eti, "Nimwonyeshe Baba anavyotembea."

Askari, shingo imekatwa kwa wino mwekundu. Mji huu askari wanachukua watu kwa kosa dogo kuliko hilo, na hawarudi. Sijala.

Jumamosi, 8 Juni

Amekuja asubuhi, na magwanda yake. Bastola kaiweka mezani, karatasi zangu kando yake.

"Nani nakata mimi shingo?"

Nilifungua mdomo. Ami akanitangulia. "Mimi, Afande."

"Wewe? Maalimu nataka mimi nakufa?"

Ami akamweleza habari ya picha na roho. Sajenti akacheka, akamshika kanzu kifuani. "Dini gani hii nakata watu shingo? Utaeleza wakubwa huko. Gari iko chini." Kisha akanigeukia mimi. "Mikono gani nachora?"

Nikainua mkono wangu.

"Haya, binti. Chora mimi mupya. Mustari hapana. Nione iko natembea. Kama natembea muzuri, mzee nabaki."

Mama alikuwa mlangoni, kanga mdomoni.

Ami akasema polepole, "Usichore, mwanangu. Niache niende naye. Bado mdogo, usijitie kwenye dhambi hii kwa ajili yangu."

Sijawahi kumsikia akiniita mwanangu.

"Maalimu, nyamaza!"

Nilikaa mezani. Nilisogeza bastola kwa ncha ya kidole ili karatasi ipate nafasi — Sajenti akaniacha. Nilianza na buti. Nikachora suruali, mkanda, tumbo, nikampunguzia tumbo kidogo. Nilipofika kwenye kola nilimtazama Ami. Alikuwa amefumba macho, midomo inamcheza kwa dua.

Nikaichora shingo, bila mstari, nikaweka kichwa juu yake. Nikavuta karatasi ya pili.