Kirimi hakuwa dereva wa trakta

Jumamosi

Dereva wa trakta! Ndivyo wasifu wa Kirimi ulivyosomwa leo kwao Githongo, mbele ya watu mia tatu na jeneza lake.

Miaka miwili vitani nilikaa naye ndani ya lile gari la deraya lenye jembe mbele, la kufukua mabomu ya ardhini ili wenzetu wapite. Siku moja tulifungua njia ya mita mia tisa, magari kumi na manne yakatufuata bila mtu kuumia. Trakta gani hiyo?

Nikaomba maiki. Mshereheshaji akaninong'oneza, "Mzee, dakika mbili tu." Nikasema yote, hata zile mara tatu bomu lilipolipuka chini yetu. Watu wakapiga makofi.

Baadaye nikamuuliza mama yake ni mjinga gani aliyeandika wasifu ule.

"Ni mimi niliwaambia. Kila Jumapili alikuwa ananipigia simu: mama, mimi huku nalima barabara tu, wewe lala."

Akanishika mkono. "Kumbe mara tatu?"

Nikamwambia nilikosea hesabu. Ilikuwa mara moja, tena bomu dogo.