Santuri ya Mwimbaji Mzee na Umri Niliouficha

Mpanda, Jumapili alasiri, Novemba 1956

Leo jua limetoka baada ya siku tatu za mvua. Ua mzima umejaa mabawa ya kumbikumbi, na mke wangu, mama Anselmi, ameanika unga uliopata unyevu. Nimetoka kanisani, nimekula, na sasa nimekaa nje na daftari hili mapajani. Moyo umetulia. Siwezi kusema nina furaha, lakini kifua ni chepesi.

Acha niandike jambo ambalo hata humu sijawahi kuliandika.

Nina miaka hamsini na nne.

Mbele za watu nina arobaini na miwili. Ndivyo kipande changu cha kazi kinavyosema. Nilipofika hapa mgodini miaka saba iliyopita kutafuta kazi ya upishi, nyuma yangu kwenye foleni walisimama vijana tu. Karani aliponiuliza umri, nikamwambia thelathini na mitano, na uso wangu haukubadilika hata kidogo. Akaandika. Cheti changu cha ubatizo, alichokiandika padri nikiwa mchanga kule kwetu Mpimbwe, nilikifunga kwenye kitambaa nikakiweka chini kabisa ya sanduku. Nilidhani mambo yameishia hapo.

Kumbe uongo ule ulitaka kutunzwa kila siku. Nywele zilipoanza kuwa nyeupe, nilichanganya masizi ya sufuria na mafuta ya nyonyo, nikawa najipaka kila Jumamosi alfajiri. Gunia la unga likija jikoni, nilisubiri mpishi wa nyumba ya pili aingie ndani ndipo nilikokote. Nikiangusha kijiko mbele ya wageni, nilikisukuma kwa mguu chini ya kabati, maana kuinama naweza, ila kuinuka kuna kelele za magoti.

Mama Anselmi hakuwahi kusema neno. Alifua tu foronya zenye masizi, akazianika, wiki baada ya wiki.

Bwana ninayempikia anaitwa Harlow. Ndiye mkubwa wa mitambo ya umeme. Amefiwa na mkewe, ni mtu wa maneno machache, na Kiswahili anakijua vizuri kwa kuwa amekaa nchi hii muda mrefu. Sasa anastaafu. Jumatano atapanda treni, aende pwani, kisha kwao Ulaya.

Mwezi uliopita dada yake alimletea santuri kwa posta. Ni ile kubwa ya siku hizi, inayozunguka polepole na kuimba muda mrefu kabla ya kugeuzwa. Tangu siku hiyo, kila alasiri akimaliza chai, anaiweka kwenye gramafoni, anakaa kitini, anafumba macho. Muziki huo anauita jazi. Kuna piano, kuna zeze kubwa linalonguruma chini chini, na mara moja moja tarumbeta iliyozibwa mdomo. Juu yao anaimba mwanamke.

Nisiseme uongo tena. Sikuipenda.

Sauti ya yule mwanamke ilikuwa na mikwaruzo. Mahali ambapo wimbo ulitaka kupanda, yeye alibaki chini. Mahali pengine pumzi ilimwishia, akanyamaza kidogo, piano ikamsubiri. Mimi nimekulia kwenye kwaya ya misheni. Kwetu mtu kama huyo angewekwa safu ya nyuma, aambiwe afungue mdomo tu. Nikawa najiuliza kwa nini mtu mwenye akili timamu anunuliwe santuri ya mwimbaji aliyekwisha.

Ijumaa mvua ilipiga bati mpaka Bwana akaizima gramafoni kwa kuwa hakusikia kitu. Nilikuwa naondoa vyombo vya chai. Ilipopungua, akauliza kama ule muziki unaniudhi, maana ameona kila akiuwasha mimi nafunga mlango wa jikoni. Nikamwambia sielewi maneno, na sauti yenyewe naona ni ya mtu mgonjwa.

Bwana akacheka. Akanionyesha kiti.

Miaka saba nimefuta vumbi kwenye kile kiti. Sikuwahi kukikalia. Nilikaa ukingoni, trei ikiwa bado mikononi, naye akaanza upya upande wa kwanza, akawa ananieleza kila wimbo.

Huyo mwanamke, alisema, amepita miaka sitini, na nyimbo zote alizochagua ni za kuzeeka. Wimbo mmoja ni wa mwanamke aliyeingia dukani, binti wa dukani akamwita mama, naye akageuka nyuma kumtafuta huyo mama ni nani. Mwingine ni wa mtu aliyekuwa anacheza dansi mpaka asubuhi, na sasa anaisikiliza bendi akiwa kitandani, dirisha wazi, vidole vya miguu vikitikisika ndani ya shuka. Kuna mmoja wa watu wawili waliopendana zamani. Wanakutana stesheni, wanasalimiana kama wageni, na kila mmoja anamwonea huruma mwenzake kwa alivyochakaa. Hapo nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Sasa nilisikia vizuri. Ile mikwaruzo hakuificha. Wala zile pumzi. Pale aliposhindwa kupanda, hakujisukuma, alikaa pale chini na kulisema neno kama mtu anayezungumza na mwenzake mezani.

Bwana alisema, "Nilimsikia akiimba nikiwa kijana. Sauti ilikuwa nzuri kupita hii mara nyingi. Lakini siku zile sikumsadiki."

Upande wa kwanza ulipokwisha, hakuigeuza santuri. Alikwenda mezani akachukua karatasi na kalamu. Akasema anataka kuandika barua ya kunitambulisha kwa bwana mpya, mpimaji wa madini atakayeingia nyumba hii. Alikwishaandika kazi zangu, mikate yangu, uaminifu wangu. Lilibaki pengo moja.

"Kasiano," aliniuliza, "niandike miaka mingapi?"

Nilihisi jasho likishuka nyuma ya sikio. Nikalifuta, na mkono ukatoka mweusi.

Bwana aliuona ule mkono. Akatazama dirishani.

Neno uaminifu lilikuwa pale kwenye karatasi, wino haujakauka. Nikasema naomba nijibu kesho. Akafunika kalamu, akasema hakuna haraka, ila nijue kwamba yule bwana mpya atakuwa porini upande wa Ugalla miezi mingi ya mwaka, akilala kwenye hema, na anataka mpishi wa kutembea naye kwa miguu. Kijana, kwa vyovyote.

Nilirudi nyumbani kwenye matope nikifikiria hema na miguu yangu. Nikafikiria pia kukosa kazi. Mimi najijua kama mpishi tu. Nisipokuwa mpishi wa fulani, sikujua nitajitambulisha vipi.

Nilimkuta mama Anselmi ameketi mlangoni na shati langu la kazi, lile lililotoka kifungo. Nikakaa karibu naye nikamweleza yote, tangu foleni ya yule karani. Alisikiliza akiwa amelishika lile shati. Nilipomaliza, alisema mwaka niliozaliwa anaujua. Aliusikia padri alipousoma siku ya ndoa yetu.

"Basi mbona hukuniambia kitu miaka yote hii?"

Alinipa sindano na uzi. Akaniomba nimtungie.

Sikuelewa. Mama Anselmi ndiye mshonaji wa safu hii nzima ya nyumba. Mapazia ya mabibi wa kizungu yamepita mikononi mwake. Nikamwuliza kwa nini nimtungie mimi.

"Tundu silioni, baba Anselmi," alisema. "Ni mwaka wa tatu huu. Binti wa jirani hunitungia sindano kumi asubuhi ukishatoka, nazichomeka kwenye mto, zinanitosha mpaka jioni. Leo mvua imemzuia kuja."

Miaka mitatu. Nimelala kitanda kimoja na mtu huyu nikimficha nywele zangu, naye akinificha macho yake.

Nilijaribu kuutunga ule uzi. Nikaulamba, nikausokota, nikausogeza mbali, nikausogeza karibu. Mimi pia sikuliona tundu. Tulihangaika wawili pale mlangoni mpaka yeye akaanza kucheka, nami nikacheka, na mwisho akalikunja shati akaliweka kando. Ndipo akasema jambo ambalo nadhani alikaa nalo muda mrefu.

"Nimechoka kuwa mgeni hapa. Mpunga unapandwa sasa. Twende nyumbani tukiwa bado tunatembea."

Jana asubuhi niliosha masizi kichwani, nikafika kazini bila kujipaka kitu. Bwana alikuwa anakunywa kahawa. Nikasimama mbele yake, kichwa wazi.

"Hamsini na nne, Bwana."

Alinitazama kichwani, akanitazama usoni.

"Mimi nilifikiri hamsini na saba," alisema, akaandika.

Adhuhuri yule mpimaji alikuja. Ni kijana mwenye adabu. Aliisoma barua yote, akala mkate wangu vipande vitatu, akasema hajawahi kula mkate kama huu Tanganyika nzima. Kisha akasema anasikitika, anahitaji mtu mwenye miguu ya mbali. Nilimjibu kwamba naelewa. Nilidhani nitaumia. Kitu kiliuma, ndiyo, hapa chini ya mbavu, kwa muda wa kuosha sahani tatu. Halafu nikakumbuka sina tena gunia la kukokota kwa siri.

Alasiri Bwana alitaka kunipa ile santuri. Nikamwambia kwetu hakuna umeme wala gramafoni. Basi tukakaa wote wawili tukasikiliza upande wa pili, ambao Ijumaa hatukuufikia. Safari hii hakunifasiria, nami sikuomba.

Leo baada ya misa nimezungumza na dereva wa lori. Ataondoka Alhamisi, siku moja baada ya treni ya Bwana, na atapita Sitalike, njia ya Mpimbwe, kabla mto haujajaa. Mama Anselmi ameanza kufunga vyombo. Anaimba, jambo ambalo sijalisikia siku nyingi.

Naogopa kidogo. Jembe sijalishika tangu ujana, na mgongo wangu umezoea jiko la chuma lenye kimo cha kiuno. Watu wa nyumbani wataniona nimerudi mikono mitupu, tena laini kama ya mzungu. Wengine watanicheka. Na ardhi ya mpunga haijali kama unajua kuoka mikate.

Lakini mama yangu yu hai. Bado analima kipande chake mwenyewe, nasikia, na bado anawagombeza ndege kwa sauti inayofika ng'ambo ya pili. Mara ya mwisho nilipokwenda, aliniuliza mbele ya watu kama nimekula, akaniambia nikae mbali na moto nisije nikaungua.

Nitafika kwake na mvi zangu zote. Najua atayauliza yale yale. Nami, mpishi wa miaka hii yote, nitamwambia nini, kama si kwamba nina njaa?