Piza Kabla ya Kwenda kwa Kadhi

Ukunda, Jumatano, baada ya alasiri

Joto la leo halina adabu. Upepo umekufa tangu asubuhi, na mimi nimekaa mlangoni na daftari hili, mikono bado inanuka kitunguu. Sina furaha. Ninaliandika hilo kwanza nisije nikajidanganya huko mbele.

Kesho tunakwenda Kwale kwa kadhi. Mwanaisha ametimiza miaka saba, na ada yetu ndiyo hiyo: wazazi wakiachana, mtoto akifika umri wa kupambanua mambo, huulizwa mwenyewe anataka kukaa na nani. Atasimama mbele yangu na babake, ataulizwa, na atakalosema ndilo. Bakari ana miaka minne tu, kwa hiyo yeye bado ni wangu bila ya kuulizwa.

Nakiri: leo nimepika piza ili nimhonge mwanangu.

Piza ni chakula cha yule bibi wa Kitaliano ninayempikia kule Diani. Ni mkate bapa, juu yake nyanya, kitunguu na jibini. Tangu tupate Uhuru bibi haachi kufungasha. Kila siku sanduku moja zaidi, na ameshaniambia kwamba mwezi ujao nitafute kazi kwengine. Jana akanipa kipande cha jibini kilichobakia. Nikakifunga kwenye jani la mgomba, na njia nzima nikawa ninawaza: mtoto atakula kitu ambacho kwa babake, Ramisi, hakipo, na kesho akiulizwa ulimi wake utakumbuka. Mtu mzima mimi, nimeweka tegemeo langu kwenye jibini.

Babake anafanya kazi kwenye kiwanda cha sukari. Ningependa kuandika kwamba ni mtu mbaya. Si mbaya. Tulishindwana tu, akaoa mwengine, na huyo mke wake humsuka Mwanaisha vizuri kuliko ninavyomsuka mimi. Hata wa kumchukia sina.

Basi tukaanza. Mwanaisha akachunga unga. Bakari nikampa kazi ya kuponda nyanya, akazila nusu. Mimi nikakanda. Lakini mawazo yangu yalikuwa Kwale, na mkono ukafanya ulichozoea: nikatia tui, nikatia sukari, nikatia na iliki, kama ninavyofanya nikikanda mahamri ya kufuturia. Nilipozinduka, hamira ilikuwa imeshafanya kazi yake na unga mwengine sina. Tukautandaza vivyo hivyo kwenye sufuria, tukapanga nyanya na kitunguu na lile jibini, nikafunika, nikatia makaa chini na juu ya kifuniko.

Mkate wa iliki wenye kitunguu! Bibi angeuona angemaliza kufungasha leo leo.

Bakari alionja akasema jibini linanuka miguu ya mtu. Mwanaisha akacheka mpaka akakaa chini, unga umemjaa kwenye nyusi. Nami nikacheka, na kwa kitambo kidogo nikasahau kila kitu. Halafu wakala, wote wawili, wakataka tena. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, imefaa.

Haikufaa.

Mwanaisha alikuwa amepakata sahani, anatafuna polepole. Akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, "Mama, kesho kadhi akiniuliza, nitasema kwa baba."

Nikamwuliza kwa nini.

"Wewe unaye Bakari. Baba hana mtoto hata mmoja nyumbani kwake. Tukikaa sote kwako, yeye atakuwa na nani?"

Kwa wiki tatu nimekuwa nikiyapanga maneno ya kumwambia siku hii. Yote yalinitoka. Nikasema, "Haya, mamaangu. Kula." Akala, mimi nikaondoka kwenda kumwaga majivu ambayo hayakuhitaji kumwagwa.

Lingekuwa ni jambo la mapenzi, ningelipigania. Angesema huko kuna chakula kizuri, ningepika. Angesema ninamgombeza sana, ningeapa kutogombeza tena, ingawa mwenye ulimi kama wangu akiapa hivyo hata mbuzi watacheka. Lakini mtoto ameangalia watu wazima wawili, ameona mmoja anacho na mwengine hana, akaamua kujigawa mwenyewe. Nitamjibu nini? Na nani aliyemfunza hivyo kama si mimi? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wenzangu huisema methali hiyo kwa kujisifu.

Nimechoka. Sioni la kufanya. Kazi inakwisha, mtoto anaondoka, na hakuna aliyenikosea.

Sasa wote wamelala kwenye mkeka kwa shibe, jua hata halijachwa. Gauni lake la Idi nimelipiga pasi, nimelitundika ukutani. Dogo kweli likiwa halina mtu ndani.

Kuna jambo moja ninalolijua na kadhi halijui, wala babake. Mwanaisha hawezi kuvumilia kuniona nikilia. Nikimtazama kwa macho ya kuomba, mara moja tu, atabadilisha neno lake palepale, na atabaki kwangu, na ataishi akijua kwamba alimwacha babake bila mtoto kwa ajili yangu.

Kesho ataulizwa, na kabla hajajibu atageuka kunitazama. Inapasa anikute nimeinama.

Ya Rabbi, niinamishe shingo Wewe, maana mimi mwenyewe sitaki.