Jeki Zilizoshushwa Mapema

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Goti linaendeleaje? Nasikia mvua za Mkuyuni zimeporomosha udongo mpaka kwenye migomba yako. Tafadhali usipande huko mlimani peke yako. Mimi mwili ni mzima.

Uliniuliza kwenye simu mbona sifurahii cheo cha Deogratias. Nilishindwa kukujibu kwa mdomo, ndiyo maana naandika.

Unajua ni mimi niliyemwombea mdogo wangu huyo kazi kwenye mitambo ya umeme wa upepo kule Bahari ya Kaskazini. Tulikuwa tukiweka misingi. Nguzo nene ya chuma hupigiliwa chini ya bahari, kisha kipande kingine huvikwa juu yake na kuegemezwa kwenye jeki. Mimi nilipima, yeye akapandisha au kushusha jeki hadi pande zote zikae sawa. Ndipo saruji humiminwa kati ya vyuma hivyo, na jeki haziguswi mpaka ikauke.

Siku ile mawimbi yalianza kukua, na boti ya kuturudisha melini ilikuwa inangoja. Nilimwambia kwenye redio asubiri. Hakusubiri. Alishusha jeki saruji ikiwa bado uji, na chuma chote kile kikainama upande. Hakuna aliyeumia, lakini msingi uliharibika.

Msimamizi alipouliza nani ametoa amri, Deogratias alininyooshea kidole. Akasema, "Dada aliniambia tayari." Nilimtazama nikidhani atacheka. Akarudia.

Kwa kuwa amri ya jeki ilikuwa yangu kutoa, nikafukuzwa. Yeye alibaki, na sasa amepewa hicho cheo unachokitolea misa ya shukrani.

Nilipokuwa nafunga begi alikuja akasimama mlangoni. Nilijua amekuja kuniomba radhi. Akasema, "Dada, wewe huna mtoto. Mimi ninao." Watoto hao, mama, nimewabeba mgongoni mwangu, wewe ni shahidi.

Sasa nikwambie nililokuficha. Siko baharini. Tangu Kwaresima nimepanga chumba hapa mjini, Mwembesongo, nyumbani kwa Hidaya niliyesoma naye. Mara nyingi naenda stendi, natazama basi la Mkuyuni linaondoka, narudi chumbani. Sikujua ningekuambia nini.

Kwenye misa sitakuja. Watu wakikuuliza niko wapi, waambie niko mjini hapa. Wakitaka kujua kwa nini, wamuulize Deogratias mbele yako.

Nisalimie Mama Mkubwa Yuliana na majirani wote. Deogratias akifika mpokee, mpikie; ni mwanao. Ila salamu zangu usimpe.

Binti yako akupendaye,
Prisca